Tergat alikosa, alishindwa, au alinyimwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Juzi barazani kwetu Kisauni tulizozana mpaka kahawa ikapoa vikombeni. Mzee mmoja alishika kwamba Mkenya mwenzetu Paul Tergat alikuwa mkimbiaji wa kawaida, maana mara mbili aliingia fainali ya Olimpiki na mara mbili akapitwa mwishoni na Mhabeshi yule yule. Mimi nikasema Tergat ni bora kuliko wengi wenye dhahabu, ila alikosa bahati. Nani mkweli? Na wako wengine waliostahili wakakosa? Nauliza pia kwa shida yangu mwenyewe: binti yangu wa kidato cha pili anakimbia mita 3000, na mashindano matatu mfululizo amekuwa wa pili. Kila mara anapitwa kwenye mia ya mwisho. Sasa ameanza kusema ataacha. (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na huyo mzee, kwa heshima zake zote: amekosea. Nawe umekosea kidogo, tena kwa neno moja tu. Hili neno letu la kukosa lina mlango mpana mno. Aliyechelewa feri Likoni amekosa, aliyezuiwa getini kwenye harusi amekosa, na aliyecheza bao akaliwa kete zote naye twasema amekosa mchezo. Kwenye riadha hao ni watu watatu mbalimbali, na ukiwatia kapu moja huwezi kumtendea haki hata mmoja.

Tergat alishindwa. Hakunyimwa na mtu, na sioni kwamba bahati ilimkimbia. Sababu ya kushindwa kwake unaweza kuihesabu kwa saa, na mimi napenda hesabu kuliko bahati.

Tarehe 25 Septemba 2000, fainali ya mita 10,000 Sydney. Kule ilikuwa usiku, huku kwetu mchana, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye duka la fundi redio Mwembe Tayari pamoja na watu wasiopungua thelathini, wengine wakiwa bado na mikokoteni yao barabarani. Mizunguko ishirini na minne ikapita bila jambo la kumtoa mtu jasho. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia. Ilipobaki kama mita 250, Tergat akafyatuka. Kama hukuona, ni vigumu kukueleza: mtu wa miguu mirefu vile, aliyekuwa akikimbia kwa utulivu nusu saa nzima, ghafla anabadilika na kuwa mkimbiaji wa mita 400. Pengo likafunguka. Dukani watu walikuwa wameshaanza kukumbatiana. Nyuma yake Haile Gebrselassie, Mhabeshi wenu yule yule, mfupi, magoti juu, anakula pengo lile hatua kwa hatua. Wakaingia kwenye ule mnyoofu wa mwisho, bado Tergat yuko mbele. Zikabaki mita ishirini, bado. Kumi, bado. Kwenye hatua tatu au nne za mwisho Haile akapenya.

27:18.20 kwa 27:18.29. Sehemu tisa za mia za sekunde, baada ya kilomita kumi. Kwenye Olimpiki hiyo hiyo Maurice Greene alishinda mita 100 kwa 9.87, na Ato Boldon aliyefuata alitumia 9.99. Kwa hiyo mbio za mizunguko ishirini na mitano ziliamuliwa kwa tofauti ndogo kuliko mbio za sekunde kumi. Fundi redio alizima televisheni bila kuulizwa na mtu, na hakuna aliyemlalamikia.

Sasa hesabu. Miaka mitatu nyuma, Agosti 1997, Tergat alikuwa ameweka rekodi ya dunia Brussels: 26:27.85. Gawanya kwa mizunguko 25, unapata sekunde 63.5 kwa kila mzunguko. Sydney wastani wake ulikuwa sekunde 65.5. Yaani Tergat wa Brussels angemwacha Tergat wa Sydney kwa sekunde 50, ambazo kwa mwendo ule ni karibu mita 300. Sydney haikuwa mbio ya kasi. Ilikuwa mbio ya kusubiriana.

Na kwenye kusubiriana, nani anafaidika? Yule mwenye kasi ya mbio fupi ndani yake. Haile aliwahi kuweka rekodi ya dunia ya ukumbini ya mita 1500 mwaka 1998, dakika 3 na sekunde 31.76, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia wa ukumbini wa umbali huo huo kule Maebashi, Japani. Fikiria hilo vizuri. Mpinzani wako wa mita 10,000 ndiye bingwa wa dunia wa mita 1500. Ukimfikisha kwenye kengele akiwa na pumzi, umemfungulia duka na kumpa ufunguo.

Tergat alilijua hilo, msidhani hakulijua. Atlanta 1996, ilipobaki takriban kilomita mbili, alivuta kwa nguvu mpaka kundi zima likakatika, wote isipokuwa mmoja. Haile alishika mgongo wake mpaka mzunguko wa mwisho, kisha akaondoka: 27:07.34 kwa 27:08.17. Maoni yangu, ambayo makocha wenzangu wengi hawakubaliani nayo, ni kwamba kilomita mbili zilikuwa chache. Mtu kama Haile unaanza kumchosha kilomita nne au tano kabla, mzunguko kwa mzunguko, wala humpi hata mmoja wa kupumzika. Lakini hilo nalisema mimi nikiwa nimekaa kitini. Kufanya hivyo peke yako, bila waweka kasi, wale wanaoajiriwa kuongoza mwendo, kama wa Brussels, huku ukijua ukipasuka utatoka bila hata fedha, ni jambo jingine.

Mwambie na hili mzee wako: tangu 1993 mpaka 2000 hakuna mtu yeyote, si Tergat tu, aliyemshinda Haile kwenye fainali ya mita 10,000 ya ubingwa wa dunia au ya Olimpiki. Fainali sita, dhahabu sita. Aliyekuja kuukata mnyororo ule ni Mkenya mwingine, Charles Kamathi, Edmonton mwaka 2001. Kwa hiyo kumwita Tergat wa kawaida kwa sababu alikuwa wa pili kwa Haile ni kama kuuita Mlima Kenya kilima kwa sababu Kilimanjaro upo.

Na pale ambapo mbio haziamuliwi na kengele, Tergat alikuwa mfalme. Mbio za nyika za dunia alishinda mara tano mfululizo, 1995 hadi 1999, kilomita kumi na mbili za matope, vilima na baridi. Kwenye nyika hakuna mnyoofu laini wa kumsubiri mtu. Unamsaga tu. Kisha akahamia barabarani, na tarehe 28 Septemba 2003 Berlin akakimbia marathoni kwa 2:04:55, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya saa mbili na dakika tano. Aliyefuata, Sammy Korir, alikuwa nyuma yake kwa sekunde moja, na Korir alikuwa ameajiriwa kuweka kasi! Miaka miwili baadaye New York alimshinda Hendrick Ramaala wa Afrika Kusini kwa chini ya sekunde moja, Ramaala akaanguka kifudifudi kwenye mstari. Kwa hiyo anayesema Tergat hakuwa na finishi hakuiona New York.

Kuna jambo jingine ambalo barazani huwa halitajwi: ratiba. Enzi zile mbio za nyika za dunia zilikuwa kila mwaka. Ukiharibu mwaka huu, mwakani unarudi. Sisi wa Mombasa tulionyeshwa hilo mlangoni kwetu tarehe 24 Machi 2007, mashindano yalipoletwa kwenye uwanja wa gofu pale karibu na Likoni. Nilikuwa kwenye kamba na wanafunzi wangu, shati limeganda mgongoni, na sisi tulikuwa tumesimama tu. Kenenisa Bekele, Mhabeshi mwingine, alikuwa hajashindwa mbio za nyika za dunia tangu 2002. Joto la mwezi wa Machi unalijua, lile la kabla ya mvua, hewa nzito kama iliyotoka kwenye sufuria ya wali. Kenenisa alikimbia vizuri mpaka mzunguko wa mwisho, kisha Zersenay Tadese wa Eritrea akampita, na baada ya hapo tukaona jambo ambalo sikutarajia kuliona: bingwa anatoka njiani anatembea. Hakumaliza. Umati ulishangilia, na nakiri mimi pia nilishangilia, jambo ambalo baadaye liliniudhi. Mkenya Moses Mosop alikuwa wa pili, Bernard Kipyego wa tatu.

Mwaka uliofuata Kenenisa alikwenda Edinburgh akalichukua taji lake. Leo hakuna baraza linalomhesabu miongoni mwa waliokosa. Lau mbio za nyika zingekuwa kila baada ya miaka minne, Mombasa ingemwandikia historia tofauti kabisa. Tergat alipata fainali mbili tu za Olimpiki uwanjani, moja akiwa na miaka 27 na nyingine akiwa na 31.

Sasa niende kwa walionyimwa, maana hapa ndipo damu yangu huchemka.

Henry Rono. Vijana wengi wa leo hawalijui jina, na wazee wanaolijua hulitaja kwa sauti ya chini kama jina la marehemu aliyedaiwa. Kijana wa Nandi, alikuwa akisoma chuo kikuu jimbo la Washington, Marekani. Mwaka 1978, kati ya tarehe 8 Aprili na 27 Juni, siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 5000 kwa 13:08.4, kuruka viunzi na maji kwa 8:05.4, mita 10,000 kwa 27:22.4, na mita 3000 kwa 7:32.1. Nne, tena kila moja ni umbali tofauti, na mmojawapo una viunzi na dimbwi! Rekodi yake ya viunzi na maji ilikaa mpaka 1989. Mwaka huo huo wa 1978 akachukua dhahabu mbili kwenye Michezo ya Afrika Algiers na mbili nyingine kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola Edmonton.

Olimpiki je? Hakukimbia hata moja. Mwaka 1976 Kenya ilisusia Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga Afrika Kusini ya makaburu na bado ikaruhusiwa kushiriki. Mwaka 1980 Kenya ikasusia Moscow, safari hii ikifuata Marekani kwa ajili ya Urusi kuingia Afghanistan. Mike Boit, ambaye alikuwa na shaba ya mita 800 ya Munich 1972 na miguu ya kutafuta dhahabu, naye alifungiwa nje vivyo hivyo.

Kuhusu Montreal sina manung'uniko. Jambo lilikuwa la haki, lilituhusu sisi wenyewe, na kuna wakati mtu hulipa. Moscow ndiyo sijaimeza mpaka leo. Ugomvi wa wakubwa wawili ulituhusu nini? Kule Moscow mbio za viunzi na maji zilishindwa na Bronisław Malinowski wa Poland kwa 8:09.70, zaidi ya sekunde nne nyuma ya rekodi ya Rono. Sidai kwamba Rono wa 1980 ndiye yule wa 1978. Makali yalikuwa yamepungua. Lakini mwaka 1981 aliivunja tena rekodi yake mwenyewe ya mita 5000, 13:06.20, kwa hiyo mtu hakuwa amekwisha. Maisha yake baada ya hapo yalikuwa magumu, pombe na kulala nje katika miji ya Marekani, mpaka akarudi nyumbani mwaka 2019. Alifariki Februari 2024. Ukiniuliza ni nani hasa alistahili akanyimwa, sitaji mwingine kabla yake.

Kuna mlango mwingine uliofungiwa watu nje, na huu tuliufunga sisi wenyewe: mchujo. Kenya huwa na wakimbiaji kumi wenye uwezo wa medali na nafasi ni tatu tu. Siku moja mbaya Nairobi, basi. Moses Kiptanui alikuwa bingwa wa dunia wa viunzi na maji mwaka 1991, lakini 1992 akashindwa kupenya mchujo. Kwenda Barcelona walikwenda Matthew Birir, Patrick Sang na William Mutwol, wakachukua dhahabu, fedha na shaba. (Sang ndiye huyo huyo aliyekuja kuwa kocha wa Eliud Kipchoge.) Huwezi kulaumu mchujo ulioleta medali zote tatu. Lakini Olimpiki ilipokwisha, ndani ya siku nne tu za mwezi ule ule wa Agosti, Kiptanui alivunja rekodi ya dunia ya mita 3000 na ya viunzi na maji. Yule aliyebaki nyumbani. Mwaka 1995 akawa mtu wa kwanza kushuka chini ya dakika nane, 7:59.18, na Atlanta alipofika hatimaye akaambulia fedha nyuma ya Joseph Keter.

Daniel Komen naye alimaliza wa nne kwenye mchujo wa mita 5000 mwaka 1996, akaikosa Atlanta. Na Wilson Kipketer, mzaliwa wa Nandi aliyehamia Denmark, hakuruhusiwa kukimbia Atlanta kwa sababu uraia wake wa Denmark ulikuwa bado haujakamilika, ijapokuwa alikuwa tayari bingwa wa dunia wa mita 800. Sasa sikiliza. Tarehe 1 Septemba 1996, mwezi mmoja baada ya Atlanta, wote wawili walikuwa kwenye uwanja mmoja, mji mdogo wa Rieti nchini Italia. Komen akakimbia mita 3000 kwa 7:20.67, rekodi iliyokaa karibu miaka 28 mpaka Jakob Ingebrigtsen alipoivunja mwaka 2024. Kipketer akakimbia mita 800 kwa 1:41.83, wakati dhahabu ya Atlanta ilikuwa imeondoka kwa 1:42.58. Jioni moja, vijana wawili wa Bonde la Ufa wasiokuwa na Olimpiki. Kipketer alikuja kupata fedha Sydney na shaba Athens, miguu ikiwa imeshapitwa na wakati wake.

Catherine Ndereba nitamtaja kwa haraka, si kwa kumdharau bali kwa sababu jambo lake ni wazi. Bingwa wa dunia wa marathoni mara mbili, Boston mara nne, mwanamke aliyekimbia 2:18:47 Chicago mwaka 2001 ikawa rekodi ya dunia. Olimpiki: fedha Athens, sekunde 12 nyuma ya Mizuki Noguchi, fedha Beijing, sekunde 22 nyuma ya Constantina Diță. Beijing ndiyo inayoniuma. Diță alikuwa na miaka 38, aliondoka mapema, na kundi lote likamwacha aende kila mmoja akingoja mwenzake amfukuze. Hapo hakuna aliyenyimwa. Walisubiri mno. Umeona jinsi hadithi ya Sydney inavyojirudia kwa sura nyingine?

Kabla sijafika kwa binti yako, acha nikupe kisa kimoja cha kupeleka barazani, kwa sababu kinanihusu mimi kama mtu aliyefundisha watoto kushindwa miaka mingi. Ron Clarke wa Australia alivunja rekodi za dunia 17 katika miaka ya sitini. Mwaka 1965 Oslo alikimbia mita 10,000 kwa dakika 27 na sekunde 39, akaipunguza rekodi kwa zaidi ya nusu dakika, jambo ambalo leo halifikiriki. Olimpiki alipata shaba moja tu, Tokyo 1964. Mwaka 1968 Olimpiki ikapelekwa Mexico City, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Clarke, mtu wa nchi tambarare, alimaliza wa sita, akaanguka, akapewa oksijeni. Aliyeshinda siku hiyo ni Naftali Temu, na ile ndiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya kwenye Olimpiki. Furaha yetu ya kwanza ilikuwa ndani ya msiba wake.

Miaka miwili kabla ya hapo Clarke alikuwa ameitwa Prague na Emil Zátopek, yule Mcheki aliyeshinda mita 5000, mita 10,000 na marathoni Helsinki 1952. Wakati wa kuagana uwanja wa ndege, Zátopek akamtia mkononi kifurushi kidogo. Clarke hakujua ni nini, akadhani pengine ni kitu cha kuvusha mpaka kwa siri. Alikifungua ndegeni. Ndani yake mlikuwa na medali ya dhahabu ya mita 10,000 ya Helsinki.

Binti yako sasa. Kwanza, usimsimulie habari ya Clarke wala ya Tergat. Huyo ana miaka kumi na nne au kumi na tano, anataka kushinda Jumamosi. Pili, usimwambie ana bahati mbaya. Mtu akipitwa mara tatu mahali pale pale, hiyo ina sababu, na sababu hurekebishwa.

Mita 3000 ni mizunguko saba na nusu. Mashindano yajayo, au hata mazoezi ya kupimwa hapo Tononoka, kaa kwenye mstari wa kumalizia na simu yako, na kila apitapo andika wakati wake. Karatasi hiyo itatueleza. Nabahatisha, kwa sababu nimeona wasichana wengi wa aina yake, kwamba mizunguko miwili ya kwanza atakwenda mbio, kisha wa nne, wa tano na wa sita italegea kwa sekunde tatu nne kila mmoja huku yeye bado akiongoza. Anawavutia wenzake kama mkokoteni. Wao wanapumzika mgongoni mwake, kisha mia ya mwisho wanampa asante.

Ikiwa ndivyo, aanze taratibu zaidi, akae wa pili au wa tatu, halafu ikibaki mizunguko mitatu aanze kuvuta, asilegeze tena mpaka kengele. Itamtisha mara ya kwanza. Mwache atishike kwenye mazoezi kabla ya siku yenyewe.

Na ikiwa karatasi itaonyesha mizunguko yake imelingana, basi shida ni kasi ya mwisho, na hiyo hutengenezwa. Mara mbili kwa wiki, isizidi, mpeleke ufuo wa Nyali alfajiri maji yakiwa yamepwa, pale mchanga ulipokaza karibu na maji. Kwanza akimbie dakika ishirini za kawaida miguu ichoke kidogo, kisha mita 200 mara sita, kasi ya kumaliza mbio, akirudi kwa kutembea kila mara. Pima mita hizo mia mbili kwa hatua zako, uweke ndala mbili kuwa alama. Anywe maji kabla ya kutoka nyumbani, siyo baada tu. Kama kasi ya mara ya tano na ya sita inapungua sana, mazoezi ya siku hiyo yaishie hapo, usimlazimishe. Jua likishapanda juu ya miamba, rudini nyumbani mkanywe chai.

Akishafanya hivyo wiki nne, nitumie hiyo karatasi ya mizunguko, pamoja na tarehe ya mashindano. Andika pia huyo anayempita ni yule yule mmoja au hubadilika. Kama ni mmoja, nataka kujua anakimbia mita 1500 pia.